Saa Nane Mke Wangu Alikuwa Kazini

Mke wangu alipiga pasi miaka thelathini na mmoja. Tisa ya mwanzo katika nyumba za watu, kwa pasi ya mkaa. Ishirini na miwili iliyobaki kwa dobi mkubwa wa mjini, kwenye jengo la matofali jirani na ofisi za serikali.

Wenzake walimwita Mama Mkunjo. Walisema mkunjo wa suruali akiupiga yeye unaweza kukatia mkate. Alikuwa mfupi, mwembamba kila mahali isipokuwa mikono. Mkono wa kulia ulikuwa na makovu ya kuungua kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Hakuwa msemaji. Mimi pia si msemaji. Nyumba yetu ilikuwa kimya na hatukuona kasoro.

Mimi ni fundi viatu. Boksi langu liko nje ya jengo hilohilo, karibu na geti la nyuma. Nilimwona akiingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimwona akitoka saa kumi na moja jioni. Saa saba alinipitishia chai katikati ya nondo za geti, kwenye kikombe cha bati. Miaka ishirini na miwili. Sikuhitaji saa ya mkononi.

Mle ndani palikuwa na nguo za haraka. Mteja analeta shati mchana, jioni anaondoka nalo, analipa mara mbili. Kaunta wanaandika tarehe na saa ya kuipokea kwenye kipande cha utepe mweupe, kwa wino usiotoka. Mpiga pasi akimaliza anakishona kipande kile ndani ya kola, mishono mitatu, kwa uzi wa rangi yake. Kila mama na rangi yake. Nguo ikiungua, bosi anaangalia rangi, anajua amkate nani mshahara. Na uzi wenyewe wanajinunulia.

Mke wangu alikataa kununua.

“Ninunue kamba ya kunyongewa?” alisema.

Alichukua uzi kwenye boksi langu. Uzi wa viatu, wa bluu, uliopakwa nta. Mnene. Msimamizi wao, ambaye walimwita Kiroboto kwa kurukaruka kwake, alipiga kelele.

“Mama Mkunjo! Uzi huu utawakwaruza wateja shingo!”

“Basi waoshe shingo.”

Uzi ukabaki.

Siku moja redio ikasema serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara. Walikuwa wanapata elfu sitini kwa mwezi. Sasa iwe laki moja. Nilisikia vigelegele vikitoka kwenye madirisha pamoja na mvuke. Saa saba chai ilikuja na sukari vijiko viwili.

“Tutaezeka upya?” nikamuuliza.

“Tutaezeka.”

Jumatatu bosi aliwakusanya chumba cha pasi. Haya aliniambia mke wangu jioni ile, akiwa amekaa kitandani na miguu kwenye beseni la maji.

Bosi alisema: “Serikali imesema laki moja kwa siku nzima ya kazi. Mimi ni raia mwema, natii. Lakini siku nzima sina. Nina nusu siku. Na nusu ya laki ni hamsini.”

Mama mmoja mnene, aliyekuwa akitia nguo wanga, akauliza, “Na nguo za mchana, bosi? Zitajipiga pasi zenyewe?” Huyo walimwita Bibi Wanga. Alikuwa shoga yake mke wangu.

“Saa sita mtapiga kadi kwenye mashine, mtakuwa mmetoka. Anayependa kubaki kusaidia, abaki. Anayependa kwenda, aende. Nje ya geti wapo arobaini wanangoja nafasi yake.”

Walibaki wote kumi na wanne. Wakasema nusu shari ni bora kuliko shari kamili. Siku ile ndipo walipompa bosi jina: Bwana Nusu.

Basi mshahara ulipanda, sisi tukashuka. Elfu kumi chini ya tulipokuwa. Sukari ikatoka kwenye chai. Kisha majani yakapungua, nikawa nakunywa maji ya moto yenye rangi. Bati tuliahirisha. Mke wangu akaanza kwenda kazini kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Nasema hivyo hata leo. Ilikosa miguu tu ya kutembea kutoka redioni hadi chumba cha pasi.

Alikuwa na presha. Dawa yake alianza kuikata kwa kisu cha jikoni. Nusu kidonge asubuhi, nusu anaihifadhi kwa kesho. Nilimwona. Nilimwambia, “Mama, dawa haigawanywi.” Akasema, “Kila kitu siku hizi kinagawanywa.” Nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ni langu, na sitalibandika kwa mtu mwingine.

Alianguka siku ya Jumatano, saa nane na robo mchana.

Nilisikia kishindo, halafu sauti za wanawake. Halafu sauti ya Kiroboto: “Mtoeni nje! Nje, nje!” Walimtoa kwa geti la nyuma, wanne wamembeba, aproni yake bado kifuani. Kiroboto hakutaka afie ndani. Wakamlaza kwenye gunia langu. Alinitazama. Akataka kusema neno, halikutoka. Gari lilipokuja alikuwa amekwisha. Mke wangu alifia katikati ya viatu vya watu.

Mazikoni Bwana Nusu alikuja na miwani myeusi. Alipewa nafasi ya kusema kama mwajiri. Akasema:

“Mama huyu tulimpenda sana. Alikuwa mfanyakazi wetu wa nusu siku. Siku ile alikwishapiga kadi saa sita, akapita tena kuwasalimia wenzake. Ndiyo mapenzi ya Mungu.”

Watu wakaitikia. Mimi sikuitikia.

Fikiria. Miaka thelathini na mmoja amesimama, halafu anazikwa kama mtu aliyepita kusalimia. Sikuwa na kilio tena baada ya hapo. Kilikauka palepale. Mahali pake pakaja kitu kingine, kigumu, na nikakipenda. Kilinipa sababu ya kuamka.

Nilitaka jambo moja. Bwana Nusu aseme kwa mdomo wake, mbele ya wanawake wale, kwamba mke wangu alianguka akiwa kazini kwake. Basi.

Binti yetu, aliyeolewa mbali, alikaa nami wiki mbili. Siku ya kuondoka akaniambia, “Baba, mwachie Mungu.”

“Mungu nimemwachia mengi, mwanangu. Huyu ni wangu.”

Nilikwenda ofisi ya kazi, hapo jirani tu. Afisa kazi alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi kidogo, mashati yake meupe daima. Alinisikiliza vizuri. Akaagiza kadi. Kadi zikaletwa. Kila siku, miezi saba, saa sita kamili: ametoka.

“Mzee, mashine haina chuki na mtu,” alisema.

“Mashine haina chuki. Mwenye mashine je?”

“Una shahidi?”

“Mimi. Nilikuwa getini.”

“Wewe ni mume, mzee wangu. Nitafutie mwingine.”

Nilikwenda kwa Bibi Wanga. Alinikaribisha, akanipa kiti, akalia. Nilipomwambia aje kusema, akafuta machozi haraka.

“Shemeji, nina wajukuu watano. Nikisema, kesho niko nje ya geti na wale arobaini.”

“Shoga yako amekufa.”

“Shoga yangu amekufa. Wajukuu wangu hawajafa bado.”

Sikumlaumu. Hapana, nilimlaumu. Lakini nilielewa.

Mnyonge hana haki, watu wakaniambia. Nikarudi kwenye boksi langu. Kila jioni Bwana Nusu alipita na gari, akinipungia mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayefukuza nzi. Nilihesabu siku. Nilimwombea afya. Sikutaka afe kabla.

Mwezi wa pili wa msiba alikuja mwalimu mmoja, soli imeachia. Akawa amekaa kwenye kigoda akinitazama nikishona.

“Kumbe uzi huu!” akasema. “Mzee, uzi kama huu uko kwenye kola za mashati yangu. Unanikwaruza mpaka nataka kulia.”

Sindano ikanisimama mkononi.

“Hujavitoa vile vipande?”

“Mke wangu kajaribu, kavunja mkasi wa kucha.”

“Mwalimu, soli hii bure. Na ya mkeo bure. Niletee hayo mashati.”

Alileta mawili. Nilivigeuza vile vipande kwenye jua. Saa nane na dakika ishirini. Saa tisa kasoro. Tarehe za baada ya redio kusema. Na juu yake mishono mitatu ya bluu. Mtu aliyepiga kadi saa sita, ameshonaje shati lililopokelewa saa nane? Bwana Nusu aliweka alama zile ili awakate wanawake. Hakufikiria kwamba alama haichagui wa kumkata.

Nilianza kukusanya. Kila aliyenikalia kwenye kigoda nilimwangalia miguu kwanza, halafu shingo. Dereva wa hospitali. Karani wa benki. Mchungaji mmoja, alicheka sana, akavua koti barabarani. Wengine walidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe, “Mpe tu hilo shati, maskini, mkewe amekufa.” Nililipokea. Huruma nayo ni kitambaa. Kwa miezi mitatu nilipata kola kumi na moja. Nilitengeneza viatu ishirini na tatu bila malipo, nikala mihogo.

Lakini nilijua wataniambia nini. Uzi ni wangu. Boksi ni langu. Mkono wangu unajua kushona. Watasema mzee ameketi akajishonea ushahidi. Kwa hiyo nilihitaji kola moja ambayo hakuna mtu angeweza kusema nimeigusa.

Nikahamisha boksi mbele ya ofisi ya kazi. Wiki ya kwanza afisa alinisalimia tu. Wiki ya pili alileta kiatu, kisigino kimelika upande. Alipoinama kufunga kamba, nikaona nyuma ya shingo yake. Wekundu wa kukwaruzwa. Na uzi wa bluu, unachungulia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sikusema kitu. Nilimrudishia chenji yake.

Afisa alikuwa na mashati meupe manne. Lenye uzi nililijua kwa kifungo cha chini, hakikufanana na vingine. Nikafungua shauri kwake, likapangwa Jumanne. Asubuhi nikamwona anaingia na shati jingine. Nikaingia nikasema tumbo linaniuma. Likaahirishwa. Likapangwa Ijumaa. Shati jingine. Nikasema tumbo bado. Wakili wa Bwana Nusu akacheka, “Mzee, kula kidogo.” Mara ya tatu, Alhamisi, kifungo kile nikakiona tangu mlangoni. Tumbo likapona.

Tulikuwa watu wachache chumbani. Afisa, karani wake, Bwana Nusu na wakili wake, Kiroboto kama shahidi wao. Bibi Wanga aliitwa pia na afisa, alikuwa kwenye benchi nje, mlango wazi.

Nilimwaga zile kola mezani. Nikaeleza. Nilieleza kwa maneno machache kwa sababu ndiyo niliyo nayo.

Wakili alichukua moja kwa vidole. “Huu ni uzi wa viatu. Mzee, wewe ni nani kwa kazi?”

“Fundi viatu.”

“Nyumbani kwako kuna uzi huu?”

“Upo.”

“Unajua kushona?”

“Najua.”

Akamgeukia afisa. “Sina swali lingine.” Bwana Nusu akatabasamu. Nililingoja lile tabasamu miezi mitano. Nilitaka lifike mpaka masikioni kwanza.

“Mheshimiwa,” nikasema, “naomba uangalie kola yako.”

“Kola yangu?”

“Hiyo uliyovaa. Nyuma. Mimi sijawahi kuligusa shati lako.”

Afisa alijishika shingoni. Vidole vyake vikaukuta. Niliona uso wake ukibadilika. Pale alipokuwa akijikuna miezi yote ile. Alisimama, akaingia chumba cha pili, akarudi amevaa koti juu ya singlendi, shati mkononi. Karani aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Akasoma kwa sauti. Tarehe ilikuwa mwezi mmoja kabla ya mke wangu kufa. Imepokelewa saa nane na dakika kumi.

“Msimamizi,” akamwambia Kiroboto, “bluu ni rangi ya nani?”

Kiroboto akamtazama bosi wake. Bosi akatazama dirisha.

“Nimeuliza bluu ni ya nani.”

“Ya… ya Mama Mkunjo, Mheshimiwa.”

“Aliyetoka saa sita.”

Ndipo Bibi Wanga alipoingia bila kuitwa, amejifunga mtandio kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana kisimani.

“Wote tulikuwa tunabaki!” akasema. “Wote kumi na wanne, mpaka saa kumi na moja, bila senti! Na siku ile alianguka na pasi mkononi. Mimi ndiye niliyeichomoa pasi kwenye vidole vyake. Hiki hapa!” Akaonyesha kiganja. Kilikuwa na kovu jipya, umbo la ncha ya pasi. Siku ile nilipokwenda kwake alikuwa amekikunja.

Afisa aliandika muda mrefu. Aliamuru wanawake wote walipwe saa zao za mchana, miezi yote, kwa kiwango kipya. Na mke wangu ahesabiwe amefia kazini, na kinachotakiwa kilipwe.

“Umeridhika, mzee?” akaniuliza.

“Bado. Nataka aseme.”

“Sheria haina kifungu cha kusema, mzee wangu.”

Nje, wakili alinifuata na karatasi. Walitaka niweke dole gumba kwamba suala la kifo limekwisha na sitakwenda mahakamani. Bwana Nusu alikuwa nyuma yake, ameshika bahasha, nene kuliko ilivyoamriwa.

“Mzee, sisi si maadui,” akasema.

“Mimi ni adui yako. Mpe bahasha yako Bibi Wanga akatibu mkono. Dole utalipata ukisema. Chumba cha pasi. Saa nane na robo. Wote wakiwepo.”

Akamtazama wakili. Wakili akaitikia kwa kichwa: sema, yaishe.

Sikuwa nimewahi kuingia chumba kile. Miaka ishirini na miwili ukutani, na sikuwahi. Joto lilinipiga kama mlango. Meza zilikuwa katika mistari miwili. Meza yake ilikuwa ya tatu kulia, nilijua kwa uzi wangu uliofungwa kwenye mguu wa meza. Palikuwa na mwanamke mwingine, mgeni, akanipisha. Nikasimama hapo.

Bwana Nusu akajikohoza. “Mama huyu… alikuwa kazini.”

“Sisikii,” nikasema.

“Alikuwa kazini.”

“Nani? Saa ngapi? Kazini kwa nani?”

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye mdomo. Wanawake walikuwa wameacha pasi, wamesimama wima. Mvuke ulikuwa unatoka peke yake.

“Mama Mkunjo alianguka saa nane na robo, akiwa kazini, kwenye meza yangu. Nilisema uongo mazikoni.”

Hilo la mwisho sikumwomba. Alilitoa mwenyewe. Lilikuwa tamu kuliko sukari vijiko viwili. Nilimwambia arudie, na akarudia. Nikamwambia tena, na akarudia, sauti ikimkatika. Ningeweza kukaa hapo hadi jioni. Kisha nikaweka dole.

Bwana Nusu alilipa. Baada ya miezi miwili akaleta mashine ya kukandamiza nguo, inayofanya kazi ya wanawake sita. Akawapunguza sita, kwa barua nzuri, kila kitu kama sheria inavyotaka. Wanane waliobaki wanapata laki moja, na saa kumi jioni wako nje ya geti. Bibi Wanga alikuwa kati ya wale sita.

Alikuja kwenye boksi langu siku iliyofuata. Hakuwa na kiatu cha kushona.

“Umefurahi, shemeji?”

“Ndiyo.”

“Angalau ungedanganya.”

“Yeye ndiye aliyewafukuza. Si mimi, wala si redio.”

“Najua. Lakini yeye siwezi kumtukana, ana mlinzi. Wewe uko hapa chini.” Akavuta kigoda. “Mke wako angekuwa hai angekukataza.”

“Angekuwa hai nisingekwenda.”

Nilidhani ataondoka. Lakini ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, na hakuwa na pa kwenda. Akakaa pale mpaka saa sita, mkono wake mbaya juu ya paja, sasa akiuacha wazi.